Fundi Mwenye Moyo

Mjini Wote, Jumatatu, 2 Machi 1987.
Nimemfukuza Nzuki! Miaka na miaka ananiandikia mabango, na sasa kila mwezi anataka nyongeza. Tena anapiga mluzi nyimbo za dansi akiandika bango la kanisa. Uzoefu humharibu mtu. Kuanzia leo naajiri kwa moyo: mtu anayependa kazi na kuamini ninayoyaamini. Mtu kama huyo hata mshahara haulizii.

Jumanne, 3 Machi.
Nimempata. Anaitwa Ndululu, anasema ametoka Ikutha. Brashi hajawahi kushika. Nilimuuliza kama anapenda herufi, akasema anazipenda. Nikasema mimi nachukia uvivu na Nzuki. Akasema hata yeye anachukia uvivu na Nzuki, kwa sauti yangu kabisa. Nilifurahi kama mtu aliyejisikia kwenye redio. Jambo moja tu. Nilipofunga duka nilijaribu kuukumbuka uso wake, nikashindwa.

Jumatano, 4 Machi.
Aibu. Ng'ombe aliyemchora kwenye bucha ya Muli ana masikio ya punda, na wateja wameanza kuulizana. Nilimweleza Muli kwamba fundi wangu ana moyo. Akajibu kwamba moyo hata yeye anao, uko kwenye mizani, lakini ng'ombe wa ukutani awe ng'ombe. Nimemchora upya mwenyewe. Ndululu alisimama nyuma yangu mchana kutwa akiutazama mkono wangu. Hakupepesa macho hata kidogo. Bidii iliyoje!

Ijumaa, 6 Machi.
Leo ameandika bango la kinyozi. Nimeshindwa kulitofautisha na langu. Hata S imelala kushoto, kama yangu. Tena anachechemea. Mimi nachechemea kwa sababu nilikanyaga msumari mwezi wa kwanza. Nilimuuliza yeye aliumia vipi. Akasema msumari, mwezi wa kwanza. Mwili ulinisisimka. Halafu nikajiambia, si ndiyo kuwa na nia moja? Nzuki hakuwahi kuchechemea kwa ajili yangu.

Jumamosi, 7 Machi.
Nilitoka kununua rangi. Kurudi, namkuta mke wangu Kalondu amempakulia Ndululu chakula changu, muthokoi wa mahindi na maharagwe. Anamwita Baba Mbula, jina analoniita mimi, na kumgombeza kuhusu paa linalovuja. Naye anaitika! Nikakohoa. Kalondu akaniambia kwa upole kwamba fundi anakula, mteja angoje nje. Niliogopa sana. Nikangoja nje.

Jumapili, 8 Machi.
Kanisani amekaa mahali pangu. Anaimba besi yangu, na anaharibu pale pale ninapoharibu. Mchungaji amempa bango la ukumbi mpya, kazi niliyoiombea mwaka mzima! Kisha mchungaji akanishika mkono.
"Karibu, ndugu mgeni. Umetoka wapi?"
Nilitaka kusema mimi ni Muthama, duka ni langu, mke ni wangu. Mdomo ukasema Ikutha. Ikutha sijawahi kufika! Nimelia nyuma ya kanisa.

Jumatatu, 9 Machi.
Nzuki amefungua kibanda ng'ambo ya barabara. Nilipita nimeinamisha kichwa. Akaniita.
"Muthama! Mimi nakujua, na mkono wako naujua. Njoo tufanye kazi hapa, halafu twende pamoja tukamtoe huyo mtu dukani kwako."
Tangu juzi hakuna mwingine aliyeniita kwa jina langu. Machozi yalinitoka. Lakini nilipomdadisi nikagundua ananitaka kwa uzoefu tu! Habari za moyo hakuzigusa. Imani yangu hakuiuliza. Na muda wote mkono wake ulikuwa ukiandika, mdomo ukipiga mluzi. Nikakataa.
Nikavuka kwenda dukani kwangu kuomba kazi. Yule aliye pale, ambaye wote sasa wanamwita Fundi Muthama, alinipokea vizuri mno. Tunaelewana kwa kila jambo! Uzoefu hakuuliza. Naanza kesho kuosha brashi. Mshahara hatukuutaja. Jina la kuniita alisema atanitafutia. Nzuki atajuta.