Malalamiko Kuhusu Bingwa Aliyetazama Shingo Nisiyoileta

Mheshimiwa Mganga Mkuu,

Pokea salamu zangu, na pole kwa kazi nzito ya kutia saini. Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kinatazamana na lango la kituo chenu cha afya, na nusu ya sare za wauguzi wako zimepita mikononi mwangu. Nakuandikia kwa adabu zote kuomba ile skrini iliyofungwa katika chumba kilichokuwa stoo ya mifagio, ili daktari wetu aongee na mabingwa wa hospitali kuu, ing'olewe. Sababu ni hizi:

1. Jumatano nilimpeleka mke wangu, mwenye kidonda cha mguu kilichogoma kupona. Dirishani niliandikisha mguu mmoja, wa kushoto. Shingo sikuandikisha. Daktari akaniomba niuinue mguu ule mbele ya kamera, nami nikainama kama mume mwema, huku nikimjibia mke wangu maswali yote, kwa kuwa yeye ana tabia mbaya ya kueleza mambo kama yalivyo. Bingwa mwenyewe, binti mdogo kuliko kitinda mimba wangu, alimalizana na kidonda kwa dakika tano. Kisha akasema yule baba aliyeshika mguu afungue kifungo cha juu, ainue kidevu na ameze mate. Nikameza! Mate nimeyameza miaka sitini na moja bila kusimamiwa na mtu. Akauliza uvimbe huo una muda gani.

2. Bingwa huyo hana hata miguu. Nilichungulia nyuma ya skrini nikakuta nyaya na ukuta. Kichwa kitupu, kilicho umbali wa safari ya siku nzima, kinapata wapi ujasiri wa kuchungulia ndani ya kola niliyoishona mwenyewe? Na kola hiyo si ya mchezo. Tangu uvimbe uanze nimeipandisha kutoka vidole viwili hadi vinne, na wateja wawili wameshaniiga wakidhani ni fasheni.

3. Skrini imemharibu daktari wetu. Zamani alikuwa muungwana. Asipojua kitu alijikuna kichwa kwa kalamu, akakuandikia rufaa, na rufaa ikakaa mfukoni miezi minne hadi wewe na ugonjwa wako mkazoeana. Siku hizi asipojua anauliza, tena mbele ya mgonjwa, na anajibiwa papo hapo. Ni dharau kubwa kwetu sisi tulioamua kutojua. Tulikuwa tunakufa kwa utaratibu mzuri tu, na hakuna maiti hata mmoja aliyewahi kuleta malalamiko ofisini kwako.

4. Mke wangu. Miezi minane amelala pembeni yangu bila kuuliza kwa nini nalala na shati. Tuliporudi siku ile alinikalisha kitini, akanifungua vifungo mwenyewe, akaweka kidole pale, akanyamaza. Kelele zake nimezizoea. Ukimya huu siuwezi, Mheshimiwa, unanitisha kuliko uvimbe.

Kwa hiyo, kama skrini haing'oleki, naomba mabingwa watazame kupitia tundu lenye ukubwa wa kidonda kilichoandikishwa tu, wasindikizaji wafunikwe shuka gubigubi, na daktari wetu arudishiwe haki yake ya kutojua. Hayo yakishindikana, kituo kizima kihamishwe kutoka mbele ya kibanda changu, maana sasa kila muuguzi akipita ananisalimia huku anaitazama kola.

Nisalimie familia yako, karani wa dirishani, dereva wa gari la wagonjwa ambaye suruali yake iko tayari tangu wiki jana, na wote wenye shingo zisizo na habari.

Wako mwenye heshima na kinyongo,
Fundi wa Mkabala na Lango

N.B. Jumanne saa tatu asubuhi nitachomwa sindano ya kupima uvimbe, na majibu yatasomwa kwenye skrini hiyohiyo. Tafadhali isiguswe na mtu. Tena awepo binti yuleyule, asiletwe mwingine. Miezi minane watu wote wamenitazama usoni, na mimi mwenyewe nimejitazama kwenye kioo kila asubuhi, na ni yeye peke yake aliyesema ameona. Naogopa sana.