Uzinduzi wa Shamba la Nyasi Tamu, Kisiwa cha Cusabo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ambaye hayupo, Mheshimiwa Makamu anayemwakilisha ambaye ndiye mimi, Mchungaji Mazyck, mashemasi wote, wadau wa mpunga, wavuvi wa kamba, na nyie mama zangu wasuka vikapu, itifaki imezingatiwa! (Makofi. Mtu anakohoa.)

Mimi, Alphonso Prioleau, mtoto wa kisiwa hiki hiki, nimesikia kilio chenu, kwamba tangu wenye viwanja vya gofu waweke uzio ufukweni mnaendesha gari masaa manne mpaka Florida kutafuta nyasi tamu za kusukia, na kwamba Shangazi Florine pale mbele ana kikapu cha arusi ya mjukuu wake kimekwama katikati kwa kukosa nyasi, na arusi yenyewe ni Jumamosi, sasa basi, baada ya mchakato wa kimkakati, vikao arobaini na upembuzi yakinifu uliofanyika kwenye hoteli nzuri sana, tazameni nyuma yangu: shamba! Nyasi zimeota kwa asilimia mia na kumi! (Vigelegele.) Na sasa, kwa mkasi huu wa dhahabu, nakata jani la kwanza...

(Kicheko. "Tuti," anasema Shangazi Florine, akimwita jina lake la nyumbani, "nyasi hizi hazikatwi, zinavutwa, jani kwa jani, mzizi ubaki chini. Mama yako hakukufundisha?")

Hoja imepokelewa! Mkasi ulikuwa wa kiishara tu. Shangazi, karibu uzindue kwa mkono wako.

(Shangazi Florine anavuta jani moja kwa vidole viwili. Linatoka fungu zima, limefungwa kwa mpira, halina hata mzizi. Watu wanasogea kuona.)

Hiyo... hiyo ni mbegu ya kisasa, isiyotegemea udongo! (Wanazomea. Shangazi anang'oa fungu la pili, la tatu, anajaza aproni.) Nyasi zetu! ("Ulizipanda lini?" anauliza Shangazi.) Utamaduni wetu! ("Jibu, Tuti.") Maendeleo yetu! (Miguno.)

Kwa kumalizia, nawashukuru nyote, namshukuru mpiga picha, namshukuru kwa namna ya pekee dereva aliyetoka Florida alfajiri na mafungu haya sitini, na nawaomba mama zangu mtoke shambani taratibu bila kugusa kitu, maana saa tisa tunalizindua shamba hili hili kisiwa cha pili. Shangazi? Shangazi, hilo gari unaliwasha la nini, na mafungu yangu yamo ndani?