Dawa ya Meno ya Mzee Romani

Jumanne, 9 Agosti 1983
Mzee Romani, baba yake Filomena, atajibu posa yangu Jumapili. Tatizo ni fizi zake. Filomena anasema dawa ya meno ya duka la ushirika inamuunguza, na akiungua hukataa kila kitu, hata chai. Nikituliza fizi, nimepata mke. Gregori mchonga vinyago naye amepeleka posa. Anamchemshia mzee maji ya chumvi ya kusukutua. Ushamba.

Jumatano, 10 Agosti
Nimejaribu dawa tatu kwenye fizi zangu. Ya ushirika: pilipili tupu. Ya magendo: povu hadi puani. Ya watoto: tamu, nimekula nusu. Mzee inamfaa laini, yenye povu kidogo. Mama Demetria, balozi wetu wa nyumba kumi, anasema imekuja ya namna hiyo, katoni moja, kwa waliotimiza miaka sitini tu. Majina yaandikwe kwanza.

Alhamisi, 11 Agosti
Nimemwandikisha mzee bila kumwambia. Umri nimeutoa kwenye cheti chake cha ubatizo, nilichoazimwa na Filomena. Miaka sabini na moja. Nikaongeza maelezo, balozi asisite: fizi dhaifu, meno matatu yanatikisika. Mama Demetria kausifu mwandiko wangu.

Jumamosi, 13 Agosti
Orodha imebandikwa mlangoni kwa balozi, kama kila orodha ya mgawo. Maelezo yangu yote yamo. Mbagala nzima imesoma. Kasoma pia Bi Eufrazia, mjane wa nyumba ya tatu. Sikujua kuwa mzee anataka kumuoa. Sikujua kuwa kamwambia ana miaka hamsini na tano. Bi Eufrazia kasema, mbele ya watu, kwamba alishauguza mume mmoja na hana nguvu za kuuguza wa pili. Mzee kaondoka taratibu, mdomo kaufumba. Nilimwonea huruma. Nilijionea zaidi.
Dawa nimeipata. Haiwashi kabisa.

Jumapili, 14 Agosti
Baada ya misa nimempelekea. Kaijaribu, kasema ni nzuri sana. Kisha kasema posa yangu imekataliwa. Nikamuuliza Filomena mwenyewe anasemaje. Kajibu kuwa baba yake hajala tangu jana, na kwamba cheti nikirudishe. Gregori alikuwa uani, anachochea moto wa maji yake. Nimeumia, sifichi.

Jumatatu, 15 Agosti
Nimefikiri sana. Kosa lilikuwa kwenye takwimu tu. Asubuhi nimebandika tangazo mlangoni kwa balozi, na nakala kwenye mlango wa kanisa, maana leo ni sikukuu ya Bikira Maria na watu watajaa: "Wananchi mnaarifiwa kuwa Mzee Romani ana miaka hamsini na tano. Meno yanayotikisika ni mawili, si matatu. Bi Eufrazia anaombwa afikirie upya. Ni mimi, mkwewe."
Nimevaa shati jeupe. Nasubiri waje kunishukuru.