Matawi ya Mkorosho Mbele ya Pijo

Alhamisi, 4 Septemba 2003

Moyo unasuasua. Padri ameniasa niandike dhambi zangu mapema, kabla ya kuungama Jumatatu. Nimeandika moja: simpendi Stefano. Yeye karani mstaafu wa bandari. Mimi mwalimu mkuu mstaafu. Jumamosi, huko Mikindani, chama chetu cha kuzikana kinachagua mwenyekiti, na wagombea ni sisi wawili. Mwenyekiti ndiye hupanga magari ya msafara wa mazishi. Nikishindwa, Stefano ndiye atakayenizika. Haiwezekani!

Ijumaa, 5 Septemba

Atakayefika kwanza atawasalimu wajumbe mmoja mmoja na kuwaomba kura. Ila Pijo langu, gari la zamani, halijawahi kumpita mtu. Basi! Gari lenye majani ya msiba hupishwa na kila mtu. Nimemwagiza Jafari, dereva wangu, akate matawi ya mkorosho. Akauliza nani kafa. Nikamwambia asiwe na haraka.

Jumamosi, 6 Septemba

Matawi mbele, taa zawaka, mimi nimejilaza nyuma. Maajabu! Malori yalitupisha. Wenye baiskeli walishuka, wakavua kofia. Stefano naye alisimamisha gari lake pembeni, upara wazi. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Kisha akawasha taa, akatufuata. Wengine nao wakamfuata.

Mikindani, wajumbe walikuwa barazani. Nikamwamuru Jafari asimame. Akasema nimwie radhi, msafara haukatishwi kabla ya makaburi, mkosi utamrudia dereva. Wajumbe wakapanda magari, wakaunga nyuma.

Petroli iliisha kijijini Mpapura. Wanaume wakatoka mashambani na majembe, wakauliza kaburi lichimbwe wapi. Stefano akaja dirishani kuomba jina la marehemu.

Ikabidi nishuke mwenyewe. Mama mmoja alizirai. Mzee mmoja mwenye jembe akanipa shikamoo, akasema nisione haya, wao wangeweza kusubiri.

Jumapili, 7 Septemba

Uchaguzi ulifanyika jana palepale, kando ya barabara. Stefano kapita bila kupingwa. Wamemsifu: msafara mrefu vile, na hakuna aliyempita mwenzake!

Leo kaja kunijulia hali, na papai. Akasema mwalimu nisiwe na shaka, siku yangu ikifika nitakuwa kwenye gari la mbele kabisa. Nimemjibu kwamba sifi.

Papai lilikuwa tamu. Inaudhi.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeungama yote. Padri kanipa rozari nzima. Roho nyeupe kabisa.

Kesho naenda hospitali, na foleni ya petroli imefika hadi barabarani. Nilimkuta Jafari akiyatupa matawi. Nimemwambia ayatie kwenye ndoo ya maji.