Mkurugenzi wa Viti Viwili

Jumatatu, 3 Juni
Barua ya chuo imefika! Binti yangu kapata nafasi ya uuguzi, pamoja na msaada wa ada. Nimewasomea wateja wote, hata yule niliyekuwa nimemnyoa upande mmoja tu. Ada yote imelipiwa, nikawatangazia. Nikavuka barabara kumwonyesha fundi redio, anayejifanya msomi wa mtaa. Akavaa miwani, akasoma, akaniuliza kama nimeliona neno mkopo. Wivu tu!

Jumanne, 4 Juni
Si wivu. Binti kanikalisha mezani na vipande kumi vya mkate. Kimoja ni ruzuku: tunapewa, hatudaiwi. Viwili ni kazi: atapanga vitabu katika maktaba ya chuo na kulipwa. Saba ni mkopo, na huo ataulipa mpaka apate wajukuu. Akasema kwa deni hilo hathubutu kwenda, na mwisho wa kujibu ni Ijumaa. Kisha akauliza, kwa upole unaouma kuliko tusi, vipi watu wa hali yetu tupewe ruzuku kiduchu namna hii. Nikala kipande kimoja cha mkopo.

Ukweli nauandika hapa tu. Fomu ya hali ya familia niliijaza mimi. Nilipofika penye kazi ya mzazi, fundi redio alikuwa anachungulia begani kwangu. Niandike kinyozi mbele yake? Nikaandika Mkurugenzi. Kipato nikaweka cha mkurugenzi. Duka langu lina viti viwili, na kimoja mguu wake umefungwa kwa waya.

Jumatano, 5 Juni
Mpango! Waliniona tajiri, sasa wanione fukara. Nimevaa shati la kupakia rangi na kandambili zisizolingana, nikaenda chuoni. Mbele ya mama wa ofisi ya misaada nikakohoa, nikasema sijala tangu juzi. Akauliza, kwa adabu kabisa, mbona nanukia marashi. Kazi yangu hiyo, ningefanyaje? Akasema haihitaji michezo ya kuigiza. Anataka barua ya kusahihisha fomu, yenye saini yangu, na daftari la mapato la miezi mitatu, kesho kabla ya saa sita mchana. Akaniambia pia nisimame wima. Niliona haya.

Alhamisi, 6 Juni
Sina daftari. Alfajiri nikaanza kulitunga, kwa kalamu tatu ili lionekane la siku nyingi. Mama watoto akanifuma, akaninyang'anya zote. Kisha akatoa daftari lake kabatini. Kumbe miaka minne anaandika kila ninacholeta nyumbani, ili siku ya ugomvi awe na ushahidi! Sijawahi kumpenda kama leo. Binti akaandika barua, mimi nikatia saini juu ya neno kinyozi. Binti akasema kinyozi ndiye aliyemlea, hamjui mkurugenzi yeyote. Nililia, basi. Barua ilifika saa tano na nusu.

Ijumaa, 7 Juni
Simu! Wamepiga hesabu upya. Ruzuku vipande sita, kazi viwili, mkopo viwili tu! Binti kakubali nafasi papo hapo. Mama watoto kamkumbatia, halafu kanikumbatia na mimi, kwa muda mfupi zaidi. Fomu hujazwa upya kila mwaka, na mwakani binti atajaza mwenyewe. Amesisitiza mara mbili.

Jumatatu, 10 Juni
Mtaa mzima umesikia. Nimetundika kibao dukani: USHAURI WA MISAADA YA VYUO. Mteja wa kwanza ni nani? Fundi redio, na fomu ya mwanawe! Nikampa kile kiti kizima. Nikamweleza ruzuku, mkopo na kazi, nikamwonya kwamba chuo kinataka ukweli mtupu. Alinisikiliza kama mwanafunzi. Tukafika penye kazi ya mzazi, akasema niandike fundi redio. Nilimwonea huruma. Jirani yangu wa miaka ishirini, mtu mzima na heshima zake, ajidhalilishe hivyo mbele ya chuo?

Nikamwandika Mhandisi.