Mkono wa Wifi

Jumatatu, 7 Agosti 2017. Mahajanga.
Sikuingia shule. Baba alinifunza herufi za Kurani na Kiswahili chake cha biashara. Nyumba hii hakuna mwingine akisomaye, kwa hiyo naandika ninavyotaka.

Daktari kasema presha yangu inapanda na kushuka ovyo, na huko kuyumba kunauchosha moyo. Nimemwambia kweli: dawa nameza kichwa kikiuma, kisipouma naiacha ipumzike. Akavua miwani. Nesi atakuja kunipima, aandike daftarini. Namba zikitulia, nitakwenda Nosy Be kwenye harusi ya Koulsoum. Zisipotulia, nabaki. Koulsoum, mjukuu niliyemlea tangu ananyonya! Nitakwenda, hata kwa kupakiwa kama gunia.

Jumanne, 8 Agosti.
Nesi Mohamadi, kijana mpole. Presha kumi na nane, kwa hesabu ya hapa kwetu. Nzuri ni kumi na tatu. Binti yangu Nadjma kanitazama kama maiti.

Nimepata hila. Mimi mwanamke wa heshima. Nesi mwanamume atanipima nyuma ya pazia, nitoe mkono tu. Mkono utakuwa wa wifi yangu Echata, mwembamba, anayejigamba kila siku kuwa haugui. Malipo yake: yeye ndiye atakayeanza kumpaka bibi harusi liwa. Miaka arobaini anaitaka nafasi ya mbele. Nimekubali, roho inaniuma.

Jumatano, 9 Agosti.
Nadjma kaenda sokoni. Echata kavaa bangili zangu, katoa mkono. Ishirini. Mohamadi kapima tena. Ishirini. Akaniita Koko, yaani bibi, akauliza, umekula nini? Nikajibu uji, Echata akanifinya. Alipoondoka, wifi kasema mashine mbovu. Nimemwambia mbovu ni yeye.

Alhamisi, 10 Agosti.
Nimetoa mkono wangu mwenyewe, baada ya kumeza vidonge viwili kwa mpigo. Kumi na moja. Ukuta ukanizunguka, nikakaa chini.

Ijumaa, 11 Agosti.
Siwezi kusimama. Echata katoa mkono tena. Ishirini na moja.

Jumamosi, 12 Agosti.
Daktari kasoma daftari. Moyo unaorushwa hivi, kasema, unaweza kusimama njiani. Hakuna safari. Nadjma kalia ndani ya bajaji mpaka nyumbani. Mimi sikulia. Nilikuwa nahesabu: ile ishirini si yangu.

Jumapili, 13 Agosti.
Nimemtazama Echata leo, kumtazama hasa. Kutoka kisimani hadi jikoni kasimama mara tatu. Nikamuuliza anasimamia nini. Kasema anaangalia kuku. Hatuna kuku.

Nikinyamaza, aibu yetu itafichika. Na yeye? Mume wangu alipokufa, huyu dada yake ndiye aliyenilisha kwa mkono siku saba, huku akinitukana kwamba napika vibaya. Nikamwambia nitasema. Akaniita mchawi. Nimesema. Nadjma kafoka, kacheka, kafoka tena.

Jumatatu, 14 Agosti.
Daktari kampima Echata mwenyewe, kanipima mimi. Wifi kaanzishiwa dawa leo hii. Mimi kumi na nne. Kasema tutakwenda wote, kwa sharti moja: kila mtu kidonge kimoja, kila siku, saa ileile, kichwa kiume kisiume. Nikaapa. Echata kaapa kwa sauti kubwa kuliko yangu.

Njiani kanishika mkono. Kasema ni kwa sababu ya mashimo.

Alhamisi, 17 Agosti. Antsahampano.
Tunangoja boti ya kuvuka kwenda Nosy Be. Echata kaninong'oneza kwamba dawa zake kazisahau Mahajanga, juu ya kabati. Kumwambia Nadjma? Ataturudisha wote wawili. Nimekaa nikafikiri sana. Yule mwanamke hatakufa mbele yangu kwa kukosa kidonge. Basi tutatumia zangu, zinazomtosha mtu mmoja tu: leo yeye, kesho mimi, keshokutwa yeye. Haki kabisa, hakuna anayepunjwa. Nimemtilia cha leo kinywani kwa mkono wangu.

Nadjma kaja kuuliza kama tumemeza. Tumejibu kwa pamoja kwamba tumemeza.