Katiba ya Chumba Chetu

Jumatatu, 3 Machi
...na si kuingia bila hodi tu, sasa ni cherehani! Mama mkwe anasema dirisha letu ndilo lenye mwanga, kwa hiyo Alhamisi anaihamishia kwetu. Chumbani mwetu! Nimeolewa juzi tu na mwanamume mzuri kuliko wote duniani (hata akikoroma!), halafu nimkumbatie huku mama yake anapinda sketi za watu?  

Jumanne, 4 Machi
Wokovu! Mume wangu ni karani wa mahakama. Ah, akivaa ile tai! Kanisimulia kesi ya leo. Kumbe katiba huchora mipaka: hapa serikali inaamuru, pale hairuhusiwi hata kuchungulia mpaka mwenye nyumba akubali. Eneo ambamo mamlaka inaruhusiwa kuamuru, wakili aliliita nafasi ya kisheria. Kila mamlaka ina mwisho wake. Nikamwuliza kama na mama yake ana mwisho. Akasema tulale.

Jumatano, 5 Machi
Nimetunga katiba ya chumba! Ibara ya kwanza: mamlaka ya mama mkwe inakomea kizingitini. Ya pili: haingii mtu wala chombo bila idhini ya wenye chumba. Ya tatu imenitoa machozi: kwa kuwa mimi na mume wangu ni mwili mmoja, neno la mmoja ni neno la wote wawili. Uzuri ulioje! Nimechora maua pembeni, nimebandika mlangoni.  Mama mkwe akinuna je? Akinirudisha kwetu?

Alhamisi, 6 Machi
Hakununa. Afadhali angenuna! Alivaa miwani, akasoma yote, akanisifu mwandiko. Ibara ya tatu akairudia kwa sauti. Kisha akamwita mwanawe, akamwuliza kwa upole kama mama aliyemzaa anaweza kuingiza cherehani. Mume wangu akanitazama mimi. Akamtazama mama. Akatazama viatu vyake. Akasema, karibu mama.
Neno la mmoja! Nikafungua kinywa kupinga. Mama mkwe akauliza, mwanangu, utavunja katiba yako mwenyewe, tena yenye maua?
Baadaye mume wangu aliniomba radhi jikoni. Nilimsamehe kabla hajamaliza. Yale macho!

Jumamosi, 8 Machi
Trrrr, trrrr tangu asubuhi. Mama mkwe kanikabidhi pindo nimshikie, nami nimekaa kwenye kitanda changu mwenyewe kama mteja.
Lakini kosa nimeligundua. Ibara zilikuwa chache! Nimeongeza nne, na nyuma ya kabati nimepatangaza kuwa eneo huru. Tunaenea wawili, tukibana pumzi. Ya tatu sikuigusa. Ndiyo tamu kuliko zote!
Tena mdogo wangu, naye bibi harusi mpya, kalalamika kwamba baba mkwe wake anataka kuhifadhi baiskeli chumbani mwao. Maskini! Nimemwambia asihangaike. Kabla mwezi haujaisha nitafika kwake, katiba mkononi, na ibara ya tatu nitamwandikia kwa wino mwekundu.